Mlango wa Motokaa ya Bwana Miwani

Mwanangu Shabani,

Nimeandika Bismillahi juu ya karatasi, kisha nikakaa mpaka wino ukanikaukia kwenye kalamu. Sasa nimechovya tena. Herufi zangu zikipanda na kushuka, nivumilie. Ni herufi za chuoni alizonifundisha babu yako kule Kondoa, si hizo za shule yenu ya serikali, na mkono wenyewe umezoea mwiko.

Adhana ya alasiri imeshapita. Wewe umekwenda kuagana na wenzako, nguo zako zimo kikapuni, na gari moshi la Tabora linaondoka kesho asubuhi. Sitaandika habari za kuchemsha maji, wala watu wa kukaa nao mbali, wala kusali kwa wakati. Hayo nimeyasema mwezi mzima mpaka umekuwa unanimalizia maneno. Juzi nilifungua kinywa tu, ukasema, "Najua, mama, nisilale na nguo mbichi." Na kweli ndilo nililotaka kusema. Basi tuyaache. Haya ya leo hujapata kuyasikia, wewe wala mtu mwingine yeyote, na nimechoka kuyabeba peke yangu.

Ni habari ya Fundi Songoro.

Unakwenda kukaa kwake na kujifunza kazi ya rangi katika karakana ya reli. Mwenyewe ndiye aliyekuomba. Barua yake ulinisomea wewe hapa hapa uani, mimi nikipeta mtama. Aliyemwandikia alikuwa na maneno mengi ya heshima, lakini katikati alisikika Songoro mwenyewe: "Niletee Shabani nimpe nilichonacho. Nitampa na kosa langu, lile la mlango, ili yeye lisimpate." Ukacheka. Ukaniuliza, "Kosa gani la mlango, mama?" Nikasema sijui, mambo ya watu wa reli hayo. Uliona nimeacha kupeta, ukadhani nimeingiwa na pumba jichoni, ukaja kunipuliza.

Sikuwa na pumba jichoni. Hilo kosa la mlango nalijua. Si la Songoro. Ni langu mimi.

Nianze mbali kidogo upate kuelewa. Mwaka ule reli ilipofika Dodoma, wewe ulikuwa Kondoa kwa babu yako, unasoma. Baba yako alikuwa ameshafariki kwa homa katika kambi ya wajenga tuta la reli. Mimi nikaja huku na masufuria mawili na kazi moja niliyoijua, kazi ya nta. Nilinunua masega kwa Wasandawe waliotoka upande wa Chemba, nikayachemsha, nikayakamua kwenye gunia, nikaimimina nta vibuyuni mpaka igande. Nyingi niliiuza kwa Mhindi wa dukani, naye akaipeleka pwani. Ile safi kabisa, ya manjano kama kiini cha yai, aliichukua Songoro.

Songoro alikuwa Mnyamwezi, rika langu au anizidi kidogo, mrefu, mwenye vidole vyembamba utadhani hajashika jembe maishani. Kazi ya rangi aliisomea pwani kwa mtu aliyekuwa akipaka magari ya farasi. Hapa Dodoma alitunza motokaa ya mkubwa mmoja wa reli, Mdachi, ambaye sisi wote tulimwita Bwana Miwani. Motokaa hiyo ilikuja juu ya behewa la wazi, imefunikwa turubai kama biharusi, na ilipofunuliwa mji mzima ulikuwa stesheni. Ilikuwa ya kijani cha chupa, na ukiisogelea unajiona uso. Mzee mmoja wa Kigogo aliizunguka mara mbili na fimbo yake, akamwuliza Songoro, "Hiki kinakula nini?"

"Kinakula vumbi, babu," Songoro akamjibu. "Kikilikosa kinanila mimi."

Na hakusema uongo. Unalijua jua letu na upepo wetu wa kiangazi. Rangi ya motokaa bila nta juu yake haimalizi miezi miwili hapa. Inapauka kama goti la mtoto. Kwa hiyo kila mwezi ilipakwa nta, nami Songoro akaniajiri nimsaidie kuosha na kusugua. Siku ya kwanza alinipa kitambaa, na kopo la nta yangu mwenyewe aliyoilainisha kwa tapentaini, yale mafuta makali ya mafundi wa rangi yanayowasha pua. Akaniacha nayo, akaenda zake. Nami nikafanya nilichokijua.

Umetuona wanawake wa huku tunavyosiriba tembe kila mvua zikiisha. Udongo mpya na samadi juu ya ule wa mwaka jana, nyufa zinazibika, ukuta unanenepa, nyumba inapendeza. Nani atakaa abandue udongo wa zamani kwanza? Watu watauliza ana nini. Basi, mwanangu, nikaisiriba motokaa. Nta mpya juu ya nta ya mwezi uliopita, ile iliyokwisha kushiba vumbi. Asubuhi ile iling'aa kuliko siku zote, nikawa najisifu moyoni. Jua lilipofika utosini nta ikalainika, vumbi lililofungiwa chini likapanda juu, kifuniko cha injini kikawa na mabaka kama mtu anayepona ndui.

Songoro alirudi akasimama, mikono kiunoni.

"Mama Shabani, hii ni motokaa au ni tembe la mjomba wako?"

"Nimeipendezesha."

"Umeizika."

"Basi ifukue wewe, fundi."

"Nitaifukua, na wewe utashika kitambaa. Ninyi watu wa Kondoa Irangi mkipewa mwezi mtaupaka samadi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu baba yako afariki nilikuwa sijacheka vile. Kisha akanifundisha, na mambo aliyonifundisha siku ile ndiyo utakayofundishwa wewe, kwa hiyo siyarefushi. Gari linasogezwa kivulini. Tapentaini kidogo kwenye kitambaa laini, kipande kisichozidi kiganja, unafuta bila kukandamiza, kitambaa kikichafuka unageuza, kikichafuka pande zote unachukua kingine. Usiharakishe, usiruke kona. Halafu unaosha, unakausha, unadondosha tone la maji. Likijikusanya likakimbia, nta kuukuu bado ipo, rudia. Likitandaa likatulia, rangi iko wazi, ndipo unapaka nta mpya, nyembamba. "Usiulize macho," alisema. "Macho yanapenda kumaliza kazi. Uliza maji."

Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Hilo nalisema bila aibu, kwa sababu aibu yote iko mbele.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Ijumaa kulikuwa na mkubwa anakuja kutoka pwani, naye Bwana Miwani alitaka kumpokea kwa motokaa. Songoro alianza kazi tangu alfajiri. Kifuniko cha injini kilikwisha, mabawa ya magurudumu yakaisha, akaingia kwenye mlango wa kushoto. Mlango ule ulikuwa na nta ya zamani nyingi kuliko mahali pengine, ya ile siku yangu ya kusiriba, iliyobaki bila kufukuliwa, imekauka pembeni mwa bawaba imekuwa ngumu kama ukoko. Alikuwa ameufuta nusu alipoitwa stesheni kupakua mizigo. Akaniambia, "Mlango huu umeshiba tapentaini. Uache upumue. Usiuguse mpaka nirudi."

"Na wewe usikawie," nikamwambia. "Huku kwetu mlango haulindwi na mwanamke peke yake."

Akacheka, akaenda. Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia, mwanangu.

Nilikaa nikiutazama ule ukoko. Jua lilikuwa linapanda. Nikawaza: mimi masufuria yangu ya nta huwa nayasafisha kwa nini? Kwa magadi. Mafuta ya nyama kwenye chungu yanatoka kwa nini? Kwa magadi. Hata mlenda haulainiki bila magadi. Huyu fundi na mafuta yake ya pwani anasugua tangu alfajiri, na mimi nina kitu jikoni kwangu kinachomaliza kazi hii kabla maji hayajapoa. Nilitaka nimwonyeshe. Amenitania miezi mingi juu ya samadi, na mimi nilitaka arudi akute mlango uko safi, aseme, "Lo, Mama Shabani, umefanyaje?"

Nikachemsha maji, nikayamimina kwenye ndoo, nikatia magadi niliyonunua kwa akina mama wa Kigogo, yale ya kijivu, makali, tena si kwa kipimo cha mlenda. Nikachovya kitambaa, nikaupaka mlango wote, nikaacha kidogo kama ninavyoacha sufuria.

Nta ilitoka! Ilitoka kwa utelezi, ikateremka na maji kama mlenda kweli, nikasema Alhamdulillahi. Nikafuta. Kitambaa kikawa cha manjano. Nikafuta tena, kikawa kijani. Nikasimama. Nikafuta mahali pengine, taratibu, kama mtu anayemgusa mgonjwa, na rangi ikaja na kitambaa, imejikunja kunjakunja kama ngozi juu ya maziwa. Chini yake ukaonekana mlango wenyewe, kijivu, uchi, mahali pana kama ungo.

Songoro alinifundisha baadaye, bila kujua anachonifundisha, kwamba rangi nayo imetengenezwa kwa mafuta. Kinachokula mafuta kitakula na rangi. Leo ni rahisi kusema.

Sikulia, sikupiga kelele. Nikaibeba ile ndoo nyuma ya banda la motokaa nikaimwaga, udongo ukainywa mara moja. Nikasuuza mlango kwa maji safi mara tatu. Nikaosha hata kitambaa nikakianika pamoja na vingine. Unaona? Mikono yangu ilishaamua kabla yangu. Nilipomaliza nikakaa pale pale nilipokuwa nimekaa.

Songoro alikuja kwa mbio. Alipouona mlango alipiga magoti mbele yake. Akaugusa kwa kidole kimoja, akakinusa, akachukua chupa ya tapentaini akainusa nayo. Nilimsubiri ageuke aniulize. Nilikuwa tayari, wallahi nafikiri nilikuwa tayari. Lakini hakuniuliza mimi. Alijiuliza mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Nimeiacha muda gani juani? Songoro, umeiacha muda gani?"

Nami nikanyamaza.

Bwana Miwani alikuja kabla ya adhuhuri na askari wawili. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatazama. "Nani nafanya hii?" akauliza.

"Ni mimi, Bwana," Songoro akasema. "Ni tapentaini. Nimeiacha juani."

Ulimi ulikuwepo kinywani mwangu. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, nimeshika ndoo tupu. Miaka yote hii nimejiambia nilinyamaza kwa ajili yako, kwamba ningefungwa ungebaki huna mtu. Hiyo pia ni kusiriba. Wanawake hawakupigwa viboko. Hilo nililijua nikiwa nimesimama pale pale. Mimi ningefukuzwa, labda ningelala kifungoni siku chache, kisha ningerudi kwenye masufuria yangu. Sikunyamaza kwa woga, Shabani. Nilinyamaza kwa haya. Sikutaka Songoro ajue kwamba mimi niliyemcheka na mafuta yake ya pwani ndiye niliyemharibia mlango kwa kitu cha kupikia mlenda. Ni kwa jambo dogo kiasi hicho.

Walimpiga viboko hamsa ishirini uwanjani nyuma ya stesheni, watu wakitazama. Nilihesabu mpaka saba nikageuka. Yeye hakulia, ila kila kiboko alisema kitu, na mimi nilidhani anaomba. Aliyekuwa karibu aliniambia hakuwa anaomba. Alikuwa anasema, "Muda gani? Muda gani?"

Jioni nilimpelekea samli ya kupaka mgongoni. Alikuwa amelala kifudifudi mkekani, akanikaribisha bila kunyanyua kichwa. Nikampaka. Kisha akaniuliza, na hapa ndipo ninapokuomba usome polepole, kwa sababu la asubuhi lilikuwa kunyamaza, lakini hili lilikuwa neno kamili kutoka kinywani mwangu.

"Mama Shabani, wewe ulikuwepo. Kivuli kiliuacha ule mlango saa ngapi?"

"Sikuangalia, fundi," nikasema.

"Haya. Lazima ni jua. Nimefanya kazi hii tangu sijaota ndevu, na sijapata kuunguza rangi. Lazima nimezeeka mikono."

"Pumzika," nikamwambia. Nikampaka samli iliyobaki.

Alitolewa kwenye motokaa, akawekwa kusafisha mabehewa ya ng'ombe. Reli ilipofika Tabora akaenda nayo, kwao ni huko. Mungu si mchoyo, polepole walimwona ni fundi, wakamrudisha kwenye rangi, na leo ana watu chini yake. Lakini mke wa msimamizi mmoja wa reli, aliyehamia hapa kutoka huko, alinisimulia jambo nikakosa usingizi juma zima. Alisema Fundi Songoro ni hodari, ila ana tabia moja watu wanaichekea. Kazi ya kuondoa nta au rangi ya zamani haigusi kwa mkono wake. Anasimama nyuma ya vijana, mikono mgongoni, anawaambia fanya hivi, fanya vile. Wakimpa kitambaa anarudi nyuma. "Anasema mikono yake haijui muda," yule mama alisema, akicheka. Nami nikacheka naye, Mungu anisamehe, ili asiulize.

Viboko vilipona mgongoni. Nilikuwa sijui mpaka siku ile kwamba niliharibu na kitu kingine. Vidole vile vyembamba, mwanangu. Hajaviamini tangu hapo.

Unajua nilichofanya baada ya kusikia hayo. Umenisaidia kukifanya bila kujua. Kila mtu anayekwenda Tabora nimempa kitu cha Songoro: nta safi, kibuyu cha asali, samli, mkeka. Ulikuwa unauliza, "Mama, huyu mtu ni ndugu yetu?" Nikakwambia ni mtu mwema. Yeye kule anawaambia watu, "Mama Shabani wa Dodoma hanisahau," na kwa sababu ya hizo zawadi ndiyo maana amekuomba wewe na si kijana mwingine. Nafasi yako hiyo nzuri imeota juu ya uongo wangu. Nilipoisikia barua yake nilitaka kufurahi nikashindwa.

Nimefunga siku ambazo si za faradhi. Nimetoa sadaka. Nimelia kwenye sijida mpaka mkeka ukalowa. Na kila nikimaliza nahisi nafuu siku mbili tatu, kisha jua linapanda na mabaka yanatokea. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa akitufundisha chuoni kwamba lililo baina yako na Mola wako utaliomba kwake, lakini haki ya mja iko mikononi mwa mja, hata malaika hawana ruhusa ya kuisamehe. Nilikuwa naikariri vizuri sana. Niliwahi kupewa tende kwa kuikariri.

Na si Songoro tu. Nikwambie na la baba yako, maana nikifunga barua hii sitalisema tena. Mwaka tulipooana alimtukana baba yangu, babu yako, mbele za watu, kwamba ni maskini wa vitabu. Mimi sikumwambia limeniuma. Nilimpikia vizuri zaidi. Nilimfulia, nikamchekea, nikamzaa wewe, na kila mwaka niliongeza wema juu ya lile neno, na lile neno likawa liko palepale. Siku anakwenda kwenye kazi ya tuta alisimama mlangoni akaniuliza, "Una kitu moyoni juu yangu?" Alihisi, maskini. Nikamwambia sina. Akaenda, homa ikamchukua. Nimebaki nalo mpaka leo, na hakuna tena wa kumpa.

Sikwambii haya ili uwe mtu mzuri. Ulishakuwa. Nakwambia kwa sababu unakwenda kwenye nyumba ambayo utafundishwa jambo la uongo na mtu mkweli. Atakukalisha chini atakwambia, "Tapentaini ikikaa juani inakula rangi, mimi iliniponza." Nawe utaamini, kwa sababu fundi amesema, na utawafundisha wengine, na kosa langu litatembea kwa jina lake wakati sisi wote tumeshakufa.

Adhana ya magharibi ilinikuta hapo. Nimesali, nimerudi.

Hapa chini unaona mistari minne niliyoipiga kalamu. Usihangaike kuisoma, nitakwambia ilisema nini. Songoro hajui kusoma. Nilikuwa nimeandika kwamba ukifika umsomee barua hii yote, siku yoyote utakayomwona ametulia, usiruke neno, hata lile la "Sikuangalia, fundi." Niliandika hivyo nikajisikia mwepesi. Nikakunja karatasi. Nikainuka kuandaa chakula chako, na nikiwa nimeshika mwiko nikaona nilichokifanya.

Wewe ungesimama mbele yake. Wewe ungeuona uso wake unavyobadilika. Hasira yake, au kilio chake, kingekuangukia wewe, mgeni, uliye na siku tatu nyumbani mwake, na mimi ningekuwa hapa Dodoma nakamua nta. Ningekuwa nimemsimamisha mtu mwingine mahali pangu. Mara ya pili. Tena safari hii mwanangu.

Nimeifuta. Nimetoka nikampelekea jirani yetu kuku na ufunguo. Akaniuliza, "Unasafiri, Mama Shabani, na miguu hiyo?" Kweli miguu imevimba tena. Nikamwambia nasafiri nayo hivyo hivyo.

Kesho tutapanda wawili. Utaniuliza nakusindikiza mpaka wapi, nami nitakwambia panda kwanza. Tukishaipita stesheni ya Saranda, watu wameshakaa na joto limewanyamazisha, nitakupa karatasi hizi. Wewe nimeshindwa kukwambia kwa mdomo, kwa sababu unanitazama kama ninavyotaka kutazamwa, na nimeuzoea mtazamo huo. Kwa Songoro nitatumia mdomo. Alipigwa mbele za watu, anastahili walau kuambiwa uso kwa uso.

Tukifika, wewe baki stesheni na mizigo. Nitakwenda peke yangu. Mtu akiambiwa jambo kama lile hapaswi kuwa na kijana anamtazama. Sijui atasema nini. Labda atanifukuza na kusema hamtaki mtoto wangu, na ana haki, na nafasi yako itakuwa imekwenda kwa ajili yangu. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote, na ndilo lililokuwa linanifunga mdomo tangu barua yake ije. Ukiniona narudi peke yangu, chukua kikapu, tutangoja gari la kurudi. Usimnung'unikie hata kidogo. Ukiniona narudi naye, mwamkie shikamoo, usiniangalie mimi, mwangalie yeye. Akikupa mkono, uushike kwa mikono yako miwili, na uutazame vizuri. Ni mkono ambao haukukosea.

Nakusikia unakuja, unaimba kama kawaida yako. Nitaificha karatasi sasa hivi.

Nina ombi moja tu, kwa sababu nakujua. Ukimaliza kusoma, tukiwa bado ndani ya gari moshi, utataka kunishika bega na kuniambia, "Yamekwisha, mama." Usiniambie. Nitalitaka sana neno hilo, pengine nitakutazama kama ninaliomba, nawe usinipe. Tazama nje, au lala. Usinisamehe kabla yake.

Mama yako,
Zuhura binti Issa